Kondakta wa Namba Gani?

Hapa Nairobi ukimwambia mtu wewe ni kondakta, swali linalofuata ni moja tu: wa namba gani? Nimeulizwa na askari wa getini. Nimeulizwa na shangazi yangu mbele ya wageni wa harusi. Nimeulizwa na karani wa benki aliyekuwa akinijazia fomu ya kufungua akaunti; akaniangalia juu chini, akaangalia kitambulisho, kisha akaandika kwamba nafanya kazi sekta ya matatu. Sikumrekebisha. Foleni ilikuwa ndefu, na kusema kweli hakuwa amekosea sana. Kwetu kuna kondakta mwingine, na huyo ndiye wa kweli.

Baba alipiga kazi ya makanga namba 58, Buruburu na tao, miaka kumi na tisa. Zile enzi za manyanga, muziki ukitikisa madirisha, yeye amening'inia mlangoni kwa mkono mmoja, na noti zimekunjwa katikati ya vidole vya mkono wa pili, kila kidole na thamani yake. Sheria za Michuki zilipokuja 2004 akanunua sare ya maruni kama makanga wote. Sare hiyo bado iko kabatini. Mama huitoa mara moja kwa mwaka, anaianika, anairudisha, na hakuna mtu humwuliza kwa nini.

Mimi naongoza okestra. Ni okestra ya vijana, tunafanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kijamii huku Eastlands. Paa ni la mabati, viti ni vya plastiki. Mvua ikinyesha tunaacha kupiga, tunasubiri, maana mabati yana sauti kutushinda. Vijana wako arobaini na mmoja wakija wote, na huwa hawaji wote. Vyombo vingi ni vya msaada au vya kuazima. Chelo tunazo tatu. Mtoto akipanda mat na chelo analipishwa nauli ya watu wawili, na makanga akiulizwa anasema hiyo dude imekalia kiti cha mtu. Nimejaribu kubishana nao. Siku moja nilitaja hata jina la Baba. Wapi.

Watu wengi wanaponiona nikipunga mikono huwa na swali ambalo wanaona haya kuliuliza, kwa hivyo wacha nilijibu. Kwani hao watoto hawawezi kupiga bila wewe? Si noti ziko mbele yao?

Wanaweza, kwa muda. Lakini kila mmoja ana karatasi ya chombo chake tu. Kijana wa klarineti anaona noti za klarineti, na mahali ambapo klarineti imenyamaza anaona namba ya kuhesabu. Hajui kwamba wakati yeye amekaa kimya akihesabu hadi kumi na sita, fidla zimeanza kupanda na tromboni ziko karibu kulipuka. Mimi ndiye niliye na kitabu ambacho mistari yote imepangwa, mmoja juu ya mwingine, filimbi juu kabisa, besi chini kabisa. Kazi yangu kubwa naifanya kabla ya onyesho: kusoma hiyo mistari, kuamua mwendo, kusikia nani anamfunika nani, kumwambia wa tarumbeta apunguze bila kumvunja moyo. Siku ya onyesho, katika ukumbi mzima, mimi ndiye mtu pekee mbele asiyetoa sauti yoyote.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho ni cha papo hapo. Kabla ya noti ya kwanza, mkono hupanda. Kule kupanda ndiko kunakowaambia watu mwendo utakuwa upi, sauti itakuwa kubwa au ndogo, na wavute pumzi saa ngapi. Mkono ukishuka tayari umechelewa kusema lolote. Nilipomweleza Baba haya alicheka, akagonga meza mara mbili kwa kiganja. "Hiyo si ni kugonga bodi? Dereva ndiye ana usukani. Lakini gari haling'oki kama kondakta hajagonga."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu kuongoza okestra. Bado sijapata lililo bora kuliko hilo.

Sasa wacha niseme kilichonifanya niandike.

Mwaka juzi kampuni moja ilitualika tupige kwenye sherehe yao ya mwisho wa mwaka, hotelini, mbele ya wageni wao wakubwa. Malipo yalikuwa mazuri. Kwa pesa hiyo tungenunua nyuzi, tungetengeneza klarineti mbili zilizokufa, na nauli ya watoto wasiojiweza ingetoka kwa mwaka mzima. Tulichagua *Finlandia* ya Sibelius. Ni ya mwaka 1899, inachukua kama dakika nane, na inaanza kwa honi na tromboni kunguruma kama kitu kilichofungiwa. Katikati, baada ya kelele zote, inatulia, na filimbi, obo na klarineti zinaimba wimbo mmoja wa polepole ambao hata mtu ambaye hajawahi kusikia okestra anaweza kuushika. Tulifanya mazoezi Jumamosi kumi na moja.

Ikabaki wiki moja. Mwandalizi akanipigia simu. Akasema wamepata bahati, kuna maestro kutoka ng'ambo yuko nchini kwa likizo, na amekubali kuongoza usiku huo. Mimi nitabaki kuwa mkufunzi. "Unaelewa," akaniambia, "wageni wetu wanatarajia sura fulani pale mbele."

Sikumwuliza ni sura gani. Aliyekuwa akiongea nami alikuwa Mkenya kama mimi, tuliongea Kiswahili hichi hichi, na nina hakika hakujiona kama mtu anayefanya ubaya. Nikasema sawa. Nikajiambia ni kwa sababu ya nyuzi na klarineti na nauli. Hiyo ilikuwa kweli. Pia ilikuwa kweli kwamba niliogopa kubishana.

Ingekuwa rahisi kama yule mgeni angekuwa bure. Hakuwa bure. Alikuja mazoezi mawili, akajifunza majina ya watoto, akanishukuru mbele yao. Ule mwanzo wa honi na tromboni uliokuwa umenishinda mwezi mzima, maana kila mtu alikuwa akiingia na saa yake, yeye aliutengeneza kwa dakika tano. Aliwaambia watoe pumzi yote kwanza, wabaki watupu, kisha wavute pamoja na mkono wake. Basi. Wakaingia kama mlango mmoja. Nilikuwa nimekaa nyuma na viola yangu nikaandika kwenye daftari: watoe pumzi kwanza. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kidogo, na sijui kama ilikuwa hasira au furaha ya kujifunza.

Usiku wenyewe nilikaa kiti cha mwisho cha viola, gauni jeusi, kichwa chini. Tukafika kwenye ule wimbo wa polepole. Kijana wangu wa klarineti, wa miaka kumi na nne, alikuwa amezoea kitu kimoja kwa Jumamosi kumi na moja: kabla hajaingia ananiangalia, namwitikia kwa kichwa, anaingia. Usiku huo, kwa mazoea tu, hakumwangalia maestro. Aligeuka akanitafuta mimi kati ya viola. Macho yetu yakakutana.

Nikaangalia chini kwenye karatasi yangu.

Aliingia amechelewa nusu pigo. Katika ukumbi mzima hakuna aliyegundua. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Lakini kwenye gari, tukirudi, alikuja kukaa karibu nami akauliza kwa sauti ya chini, "Ticha, nilikukosea kitu?"

Nikamwambia hapana.

"Mbona sasa hukuniangalia?"

Sikumjibu. Tulipita Jogoo Road yote hivyo.

Usiku huo sikulala. Nikachukua simu, nikaanza kutafuta nani mwingine aliwahi kuambiwa habari za sura. Ndivyo nilivyokutana na Dean Dixon.

Dixon alizaliwa New York mwezi wa Januari 1915, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, akakulia Harlem. Mama yake alimwekea fidla mkononi akiwa mtoto mdogo kabisa, akawa anampeleka Carnegie Hall kusikiliza okestra. Akasomea muziki Juilliard, kisha Columbia. Mwaka 1932, akiwa na miaka kumi na saba, hakungoja mtu ampe okestra: alianzisha yake mwenyewe hapo Harlem, na watu wachache, na alichokipata. Hiyo sehemu niliisoma mara mbili. Nikawaona watoto wangu na chelo zao za nauli mbili.

Mwaka 1941 mambo yakafunguka. Akina mama wa Harlem waliokuwa wakiisaidia okestra yake waliandaa onyesho, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akahudhuria. Mkuu wa muziki wa redio ya NBC alikuwepo pia. Muda si mrefu baadaye Dixon alikuwa amesimama mbele ya NBC Symphony, ile okestra iliyoundwa kwa ajili ya Toscanini, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo akaiongoza New York Philharmonic. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kabla yake hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kuiongoza.

Ungedhani baada ya hapo simu haingeacha kulia. Alialikwa na okestra nyingine kubwa, ndiyo. Alianzisha okestra ya vijana mwaka 1944. Mwaka 1948 akapewa tuzo ya Ditson kwa kazi yake ya kupiga muziki wa watunzi wa Kimarekani. Lakini hakuna okestra kubwa hata moja ya Marekani iliyompa kazi ya kudumu. Mwaliko wa usiku mmoja ulikuwepo. Mkataba haukuwepo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wakala mmoja alimpa wazo: apake uso rangi nyeupe na avae glovu nyeupe, ndipo atauzika.

Hapo nilikaa kitandani. Sura fulani pale mbele. Kumbe hata maneno si mapya.

Dixon alikataa rangi na glovu. Mwaka 1949 akaalikwa Paris kuongoza okestra ya redio ya Ufaransa, akaenda, na hakurudi kuishi Marekani. Akaongoza Israeli. Akapewa okestra ya Gothenburg kule Uswidi kuanzia 1953 hadi 1960. Kuanzia 1961 hadi 1974 akawa kiongozi wa okestra ya redio ya Hessen, mjini Frankfurt. Katikati ya miaka hiyo, 1964 hadi 1967, aliongoza pia okestra ya Sydney, katika nchi ambayo wakati huo bado ilikuwa na sera ya kuwazuia wahamiaji wasio weupe. Na Marekani? Kiongozi wa kwanza mweusi wa okestra kubwa ya huko, Henry Lewis, alipata kazi New Jersey mwaka 1968. Dixon alikuwa ameshakaa nje karibu miaka ishirini.

New York Philharmonic ilimwita tena mwaka 1970. Miaka ishirini na moja tangu aondoke. Alienda kama mgeni, akaongoza, watu wakamshangilia, akarudi alikokuwa anaishi. Alifariki Uswisi mwezi wa Novemba 1976, akiwa na miaka sitini na moja. Rufus Jones aliyeandika maisha yake, katika kitabu kilichotoka 2015, aliyaweka yote kwenye jina la kitabu: kwamba nyumbani alikuwa Negro, ughaibuni alikuwa maestro.

Kuna jambo Dixon mwenyewe alilisema kuhusu safari yake ambalo limenikaa. Alisema alipitia ngazi tatu. Mwanzo watu walimwita kondakta mweusi wa Kimarekani. Baadaye wakamwita kondakta wa Kimarekani. Mwishowe wakamwita kondakta tu. Miaka yote hiyo ilikuwa ya kupunguza maneno mawili.

Sitaki kujilinganisha naye. Dixon alikuwa na Juilliard, mimi nina diploma na video za kwenye simu. Yeye alizuiwa na nchi nzima iliyojengwa ili imzuie. Mimi nilizuiwa na simu moja ya dakika nne, tena kutoka kwa mtu wa kwetu. Lakini kuna swali lilinijia nikashindwa kulikwepa. Dixon alipoambiwa ajipake rangi, alikataa. Mimi niliambiwa nini? Niliambiwa nikae nyuma, nikakaa. Na mtoto aliponitafuta huko nyuma, nikajificha. Hiyo sehemu ya mwisho sikuambiwa na mtu. Hiyo nilijipaka mwenyewe.

Mwezi wa Februari, nikiwa bado nimebeba hiyo aibu, niliomba nafasi ya kusomea uongozi wa okestra Ujerumani. Miaka miwili. Mwezi wa Mei barua ikaja: nimekubaliwa. Ada si kubwa. Tatizo ni viza: lazima uonyeshe pesa za kuishi mwaka mzima zikiwa zimekaa kwenye akaunti. Nilihesabu nilichonacho, nikajumlisha chama, nikajumlisha watu wanaonidai wao niwasamehe, maana ndio wengi kuliko wanaodaiwa na mimi. Bado nusu.

Baba akasikia. Sikumwambia mimi, ni Mama. Akaniita Jumapili baada ya chakula, akaniambia ile ploti ya Kamulu aliyoinunua kupitia sako anaweza kuiuza.

Ile ploti ndiyo kitu pekee kilichobaki katika miaka kumi na tisa ya kuning'inia mlangoni. Ukiangalia bega lake la kulia, liko chini kidogo kuliko la kushoto. Hiyo ndiyo bei ya ploti.

Nikamwambia, "Baba, hapana. Hiyo ni ya uzeeni."

"Uzeeni ndipo niko, mama. Unadhani niko wapi?"

Kwa wiki kadhaa sikuweza kuamua, na sababu hazikuwa pesa peke yake. Nilikuwa nikisoma Dixon kila usiku, na kila nikisoma aliniambia kitu tofauti. Siku moja aliniambia: nenda, hapa hawatakuona. Siku nyingine aliniambia: angalia, nilienda na sikurudi, na nyumbani wakaniita baada ya miaka ishirini na moja, kama mgeni.

Na kulikuwa na mtu mwingine upande wa pili wa mizani. Armand Diangienda wa Kinshasa alikuwa rubani. Kazi ya urubani ilipoisha, mwaka 1994 akaanzisha okestra ya simfonia, katika mji ambao haukuwa na okestra, akiwa na vyombo vichache ambavyo watu walipokezana: huyu anafanya mazoezi nusu saa, anampa mwenzake. Uzi wa fidla ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Diangienda hakusomea mambo hayo shuleni, alijifunza akifundisha. Mwaka 2010 Wajerumani wawili walitengeneza filamu kuwahusu, *Kinshasa Symphony*, na dunia ikawafuata hukohuko Kinshasa. Niliwaonyesha watoto wangu hiyo filamu kwenye laptopu, ukutani, bila projekta nzuri. Kwenye ile sehemu umeme unakatika katikati ya muziki, na watu wanaendelea kupiga gizani, ukumbi wetu wote ulicheka, kisha ukanyamaza.

Kwa hivyo usiniambie jibu ni rahisi. Mmoja alitoka akawa kondakta tu, bila maneno ya ziada. Mwingine alibaki, akawa na watu wake. Wote wawili walianza bila ruhusa ya mtu. Hilo ndilo nilichukua muda mrefu kuliona. Dixon hakuanza kuwa kiongozi alipofika Ulaya. Alianza Harlem akiwa na miaka kumi na saba. Ulaya ilimpa mshahara na jina. Okestra yake ya kwanza ilikuwa ya mtaani, kama yangu.

Nikamweleza Baba haya yote, nikizunguka zunguka. Alisikiliza akichokoa meno. Mwishowe akaniuliza, "Kwani hiyo ni wan-wei?"

"Nini?"

"Hiyo safari. Gari likitoka tao kwenda Buruburu halijamaliza kazi. Trip ni kwenda na kurudi. Kondakta anahesabu pesa akirudi steji. Sasa wewe, umeshasema utarudi lini, ama unaenda tu?"

Sikuwa nimesema. Hata kichwani sikuwa nimesema. Nilikuwa nikiwaza kuondoka kama mtu anayetoka chumbani akibamiza mlango, ili yule wa simu asikie. Na hakika yule wa simu hakumbuki hata jina langu.

Tulikubaliana hivi. Baba anauza nusu ya ploti, si yote. Imegawika vizuri, na jirani alikuwa akiitaka nusu hiyo kitambo. Nusu iliyobaki yeye na Mama watapanda miti. Mimi nitalipa nikirudi, na tarehe ya kurudi nimeiandika kwenye karatasi, nikatia sahihi. Baba ameiweka kabatini pamoja na sare ya maruni. Alisema mkataba ni mkataba hata kama ni wa mtoto wako. Naondoka mwezi wa Septemba.

Ilibaki kitu kimoja.

Jumamosi iliyopita nilifika ukumbini mapema. Kijana wa klarineti huwa wa kwanza, kwa sababu anakaa karibu na kwao kuna kelele. Sasa ana miaka kumi na sita, ananizidi urefu. Nilimkuta akilowesha mwanzi wa klarineti mdomoni. Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa mbele yake, nikamwambia: lile onyesho la hoteli, uliponiangalia nikaangalia chini, hukuwa umenikosea. Nilikuona. Nilijificha kwa sababu nilikuwa nimekubali mahali pangu pachukuliwe, na niliona haya. Nilikosea mimi. Nisamehe.

Alitoa ule mwanzi mdomoni. Akaufikiria, kama wanavyofikiria vijana, akiangalia kiatu. "Ni sawa, Ticha. Kitambo hata nilisahau." Kisha baada ya muda, "Sijasahau. Lakini ni sawa."

Halafu akauliza swali ambalo nilijua litakuja, kwa sababu habari za Ujerumani zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima. "Na ukienda, nani atatupigia mkono?"

Wengine walikuwa wameanza kuingia. Nikangoja wakae, wakaweka sawa vyombo, wakaacha kuburuta viti. Nikawaambia wafungue *Finlandia*, kwenye ule wimbo wa polepole. Nikaweka kijiti juu ya kitabu, nikashuka, nikaenda kukaa kiti cha mwisho cha viola.

Walibaki wakiniangalia. "Ticha, si uanze?"

Nikawaambia sianzi. Watoe pumzi kwanza.

Kimya. Msichana wa fidla ya kwanza akageuka akamwangalia yule wa klarineti. Wa klarineti akamwangalia wa filimbi. Wakatoa pumzi, niliwasikia. Kisha kichwa cha yule msichana kikapanda kidogo, kidogo sana, na wakaingia.

Hawakuingia wote. Obo alichelewa, na wa filimbi alikuwa juu kidogo. Lakini waliendelea, wakisikilizana, na kwenye ile sehemu ambayo huwa namwitikia kwa kichwa, kijana wa klarineti hakunitafuta. Tulifika karibu nusu. Kisha mvua ikaanza juu ya mabati, tukaacha, tukasubiri.